Lete Mkono Dirishani

Ukifika hospitalini ukamuulizia Mama Soksi pale mapokezi, watakuambia hawamjui, na hawakudanganyi. Kwenye karatasi za mshahara ameandikwa jina la baba yake, na jina hilo halitumiwi na mtu yeyote isipokuwa mhasibu. Wewe zunguka tu nyuma, pita jengo la dobi na mashuka yake yaliyoanikwa, kisha fuata harufu ya chai. Utafika kwenye karakana ya viungo bandia. Ndani kuna vumbi la plasta, kuna mashine ya kusaga yenye kelele za kukera, kuna miguu imetundikwa ukutani kama miavuli, na pembeni kuna jiko la umeme ambalo juu yake, siku yoyote ya kazi, utakuta sufuria inachemsha soksi.

Wageni hushangaa, na Mama Soksi anapenda washangae.

"Karibu, mwanangu, usiogope," humwambia mgonjwa mpya. "Hapa tunapika miguu. Wako unataka uive sana au kiasi?"

Maelezo yenyewe si marefu. Mafundi wenzake hutengeneza mguu: bomba la chuma ndani, sponji nje, wakalichonga sponji mpaka likapata shavu la mguu na kifundo. Juu yake huvutwa soksi ndefu, nzito kidogo, na hiyo soksi ndiyo inayokaa badala ya ngozi. Soksi hizo huja kwa maboksi kutoka ng'ambo, na kila boksi limeandikwa ubavuni: "rangi ya ngozi". Ukilifungua unakuta waridi iliyopauka, rangi ya kitoto cha panya kilichozaliwa leo. Ngozi ya nani, hakuna aliyewahi kueleza, na maboksi yanaendelea kuja.

Kazi ya Mama Soksi ni kuzipa soksi hizo rangi ya watu. Hutumia majani ya chai, kahawa, rangi za unga za kutilia nguo, chumvi kidogo na siki ili rangi isitoke kwenye maji. Rangi zake amezipa majina mwenyewe: maziwa mengi, chai ya maziwa, chai ya rangi, kahawa, kahawa ya jana. Wagonjwa huchagua wakicheka, na mtu aliyekuja amenuna kwa sababu amekatwa mguu huondoka akibishana kama yeye ni kahawa au ni kahawa ya jana. Fundi Mkuu, mwanamume mrefu mwenye vumbi la plasta kwenye nyusi, humwita "Mpishi".

Lakini majina ni ya utani tu. Rangi haipimwi kwa jina. Soksi ikitoka kwenye sufuria inakuwa imekolea, na mwenye haraka atasema imepatia. Ikikauka inarudi nyuma, inapauka, inakuaibisha. Kwa hiyo Mama Soksi huchemsha kwanza kipande, akakikausha, halafu huita kwa sauti inayosikika mpaka kwa dobi: "Haya, lete mkono dirishani!" Mgonjwa hupeleka mkono kwenye mwanga wa dirisha, kipande kinawekwa juu ya ngozi yake, na wote karakana nzima huacha kazi wakaja kutoa maoni. Mara ya kwanza haipatii. Hajawahi kupatia mara ya kwanza kwa mtu yeyote. Hurudi kwenye sufuria, akaongeza hiki akapunguza kile, na Fundi Mkuu humuuliza, "Mpishi, leo umeunguza au umeitoa mbichi?"

Siku moja aliletwa Babu Spana. Huyu ni Mzungu aliyezaliwa humu humu mjini, mwana wa fundi magari na yeye mwenyewe fundi magari, ambaye Kiswahili chake kina matusi ya gereji hata anapoomba maji ya kunywa. Jeki lilikuwa limeteleza, lori likamkalia mguu. Mama Soksi alipomwona mlangoni na magongo yake alipiga makofi.

"Jamani, leo boksi limempata mwenyewe!"

Akachomoa soksi mbichi, haijagusa maji wala chai, akamwita dirishani. Babu Spana akanyoosha mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umebabuka kwa jua, una madoadoa mpaka kwenye vidole, na oili ya miaka mingi imeingia kwenye vinyweleo ikakataa kutoka. Soksi ilipolazwa juu yake ilionekana kama nguo ya mwanasesere.

Babu Spana akaitazama. "Hii sasa ni ya nani?"

"Si yenu hii?"

"Yetu wapi? Labda ya shangazi yangu, marehemu. Yule alikuwa hatoki nje."

Walicheka mpaka Fundi Mkuu akazima mashine aje aone kuna nini. Ikabidi naye apikiwe, chai nyepesi yenye wekundu kidogo, na haikupatia mpaka mara ya nne. Tangu hapo wakawa marafiki. Kila Ijumaa hupita kunywa chai, na kila Ijumaa huuliza kwanza ni sufuria ipi.

Hivyo ndivyo Mama Soksi anavyojulikana. Mcheshi, mnene wa kiasi, maji ya kunde, mikono imebadilika rangi mpaka kwenye vifundo vya mkono kama mtu aliyevaa glavu. Wasichokijua wageni siku ya kwanza ni alivyoingia kwenye kazi hii. Aliingia kwa sababu ya mtoto.

Ana binti mmoja tu. Siku hizi binti huyo ni mwalimu wa hesabu kwenye sekondari, na mtaani wote humwita Mwalimu, hata mama yake, ambaye hulitamka neno hilo kama mtu anayeonja asali. Lakini alipokuwa mdogo, ndiyo kwanza ameanza shule, geti la chuma la shule lilichomoka kwenye bawaba likamwangukia. Walikata mguu wa kulia chini ya goti. Mama yake wakati huo alikuwa anafua mashuka, hapo hapo kwa dobi.

Mguu wa kwanza wa mtoto ulitoka na soksi ya boksi, kama ilivyokuja. Wakati huo hakuna aliyefikiria jambo jingine. Mguu ni mguu, shukuru umepata. Mtoto akaenda nao shule. Siku hiyo hiyo akarudi akiwa ameuvua, ameubeba kwenye mfuko wa nailoni, amerukaruka na gongo njia nzima. Wenzake walikuwa wamemzunguka wakiimba kwamba ameazimwa mguu wa mzungu na mzungu atakuja kuudai.

Mtoto alipolala mchana mama yake alichukua soksi, akaitia kwenye sufuria ya chai, akasimama jikoni anakoroga machozi yakimtoka, akakausha kipande, akakipima kwenye mkono wake mwenyewe, kwa ndani, hapa karibu na kiwiko. Alirudia mpaka kikapatia. Jioni mtoto alivaa mguu, akajitazama, akamkumbatia mama yake shingoni. Kesho yake shuleni hakuna aliyeimba. Habari zikamfikia Fundi Mkuu, naye akamtoa kwa dobi akampa jiko.

Hiyo ndiyo hadithi Mama Soksi anayoipenda kuliko zote, na ameisimulia kwa manesi, kwa madereva, kwa watu waliosimama naye foleni benki. Kila inaposimuliwa soksi inapatia zaidi na wale watoto wanaaibika zaidi. Mtoto alikua, na mtoto akikua mguu bandia haukui naye, kwa hiyo ukawa unatengenezwa mwingine, na mwingine, na kila mmoja mama yake aliupikia soksi. Wagonjwa wote wa mji huu wameitwa dirishani. Binti yake peke yake hakuitwa hata siku moja. "Ya nini?" Mama Soksi alikuwa akisema. "Mtoto wangu nimpime? Huyu namjua kichwani." Na kipande akakiweka kwenye mkono wake, karibu na kiwiko.

Basi ikatokea maktaba ya mji ikaandaa mjadala wa wazi, Jumamosi mchana, redio ikiurusha moja kwa moja: rangi ya ngozi na maisha yetu ya kila siku. Mwalimu akaalikwa awe mmoja wa wazungumzaji. Mama Soksi alipopata habari, hospitali nzima ilipata habari. Alijua binti yake atasema nini. Atasema habari za soksi na chai, nini kingine? Akanunua kitambaa, akashonesha gauni, akamwambia Fundi Mkuu Jumamosi afunge karakana.

Alhamisi jioni Mwalimu alipita nyumbani akamkuta anapiga gauni pasi.

"Mama," akasema bado amesimama mlangoni, "Jumamosi bora usikilize kwenye redio."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu ni jibu la mtoto wa chekechea. Wewe una shahada."

Mwalimu akakaa, akasimama tena. "Kuna mambo nitayasema. Nikikuona pale mbele nitashindwa. Ukitaka kunisaidia, mama, usije."

Akambusu kwenye paji la uso akaondoka, na kikombe chake cha chai hakukigusa.

Mama Soksi alibaki na pasi mkononi mpaka gauni likaanza kunuka moshi. Yeye si mtu wa kuogopa. Amemshika mkono mtoto wake akitolewa nyuzi, amegombana na walimu wakuu watatu. Lakini hili lilimkata maini. Ni neno gani hilo ambalo mji mzima utalisikia redioni na mama peke yake ndiye hatakiwi awepo? Alijua amemkosea mahali. Hakujua ni wapi, na aliogopa kwamba likishasemwa mbele za watu, mtoto wake hatarudi tena Jumapili kukaa jikoni kwake na kumwambia mama nisuke.

Ijumaa Babu Spana akamkuta amekaa hajawasha jiko. Alipoelezwa, alikuna ndevu.

"Amesema asikuone mbele," akasema. "Hakusema nyuma."

Kwa hiyo Jumamosi waliingia ukumbini kwa mlango wa pembeni, wakakaa mstari wa mwisho nyuma ya nguzo, Mama Soksi amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi kama mtu anayedaiwa. Ukumbi ulikuwa umejaa, feni zinazunguka bila faida yoyote. Mwendesha mjadala, mama mmoja wa redio mwenye sauti laini kuliko uso wake, alifungua kwa kuuliza kama rangi ina uzito wowote kwenye maisha yetu.

Wa kwanza kujibu alikuwa meneja mstaafu wa benki. "Hapa kwetu hayo mambo hakuna," akasema. "Hayo ni ya nchi za watu. Sisi tunaishi vizuri." Akapigiwa makofi mengi, maana maneno hayo hayamgharimu mtu.

Akafuata dada muuza vipodozi. Yeye alisema hana elimu ya mambo hayo, ana meza tu sokoni, lakini krimu za kung'arisha zinaisha hata kabla hajazipanga, na za kawaida zinamdodea mpaka zinaganda. "Kama hakuna kitu," akamuuliza meneja, "hizi wanapaka kina nani? Mbuzi?" Watu wakaangua kicheko, na meneja akapangusa miwani.

Babu Spana hakuwa mzungumzaji, lakini mdomo wake hauombi ruhusa. Akainuka na gongo lake. "Mimi nikiingia ofisi yoyote mji huu naletewa kiti," akasema. "Mwenzangu wa gereji tumekua pamoja, na spana ananizidi. Yeye anaambiwa asubiri nje. Nikimwambia mteja huyu ndiye aliyetengeneza gari lako, mteja anacheka. Anadhani natania! Miaka yote hiyo kiti nakaa mimi." Akafikiri kidogo. "Halafu nikienda sokoni naongezewa bei, lakini hiyo nasamehe." Akakaa. Mama Soksi akamvuta shati asije akainuka tena wakaonekana.

Kisha akaitwa Mwalimu.

Alitoka mbele amevaa sketi. Mama yake alishtuka, kwa sababu binti huyo tangu awe msichana mkubwa ni suruali na magauni ya kuburuza. Sketi ya magotini hajawahi kumwona nayo. Akachukua maikrofoni, akasimama pembeni ya meza ili asizibwe.

"Naomba mtazame miguu yangu," akasema. "Msione haya. Nimevaa hivi makusudi."

Watu wakatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa mweusi, mweusi mzuri wa kung'aa, wa baba yake, dereva wa malori, marehemu sasa. Wa kulia ulikuwa maji ya kunde. Kwa mbali ungedhani ameuweka mmoja juani na mwingine kivulini. Mama Soksi aliuona mguu ule wa kulia kutoka mstari wa mwisho, na mkono wake wa kushoto, ule wa kupimia, ambao ulikuwa nje ya mtandio, akauingiza ndani taratibu.

Mwalimu akasimulia mguu wa boksi na wimbo wa watoto. Akasimulia mama aliyekuwa anafua mashuka, na sufuria ya chai. Watu wakafurahi, wengine wakafuta macho. Kwa dakika hiyo Mama Soksi alidhani labda yameishia hapo.

"Mguu wa boksi haukuniumiza sana," binti akaendelea. "Boksi halinijui. Uliobaki moyoni ni huu wa pili. Huu ulipikwa na mtu anayenipenda kuliko mtu yeyote duniani, na ukatoka mweupe kuliko mimi. Nikasubiri. Nikasema mguu mwingine ukija atarekebisha. Ukaja mwingine, rangi ile ile. Na mwingine. Mama yangu anawapima watu wote mpaka wanapatia, mimi hanipimi. Mtoto anafikiri nini? Nikafikiri, mama ananiambia kwa adabu kwamba hivi ndivyo nilivyotakiwa kuwa."

Akasogea hatua moja mbele, mguu wa kushoto ukatangulia.

"Nilipovunja ungo nikaanza kutumia akili. Nikanunua krimu ya kuchubua, kwa hela za vitafunwa. Nikawa napaka mguu mmoja. Huu wa kushoto. Sikutaka kung'arisha uso, sikutaka nini. Nilitaka tu mguu wangu ufanane na mguu wa bandia. Ikaniunguza. Kovu hili hapa. Nyumbani nilisema nimemwagikiwa na maji ya moto."

Mama Soksi analijua kovu hilo. Alilipaka dawa kwa mikono yake. Alikuwa amejilaumu miaka yote kwa kuacha birika la moto ukingoni mwa meza, na birika lenyewe alilitupa. Babu Spana, kando yake, alikuwa ameinamisha kichwa anatazama kofia yake.

Ndipo mwanamume mmoja katikati ya ukumbi akainuka bila kupewa nafasi. "Samahani, Mwalimu, lakini huko ni kukosa adabu," akasema. "Mama wa watu kakuhangaikia, kakupikia mguu, wewe leo unamwanika redioni? Hayo si ya nyumbani? Sisi tumekuja kuzungumza ubaguzi, hatukuja kusikia mtoto anamsema mzazi wake!"

Wengine wakamuunga mkono. Sauti zikapanda. Mwendesha mjadala akainua mikono. Mwalimu akashusha maikrofoni. Alikuwa amesimama na sketi yake na miguu yake miwili mbele ya watu wote, na macho yakaanza kumjaa.

Mama Soksi hakumbuki alivyosimama. Anakumbuka mtandio ulibaki kwenye kiti.

"Mama mwenyewe ni mimi!" akasema, kwa ile sauti ya kuitia watu dirishani, na hakuhitaji maikrofoni. "Baba, wewe uliyesimama, kaa chini. Nani kakuambia nimeumia mimi? Aliyeumia ni huyo pale. Anayoyasema ni kweli. Mwacheni mtoto wangu amalize."

Mwanamume akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alimtazama mama yake toka mbele mpaka nyuma ya ukumbi, akajifuta uso kwa kiganja, akasema kwenye maikrofoni, taratibu, "Nimemaliza." Kisha akasema, "Asante, mama," na hilo nalo lilikwenda redioni.

Waliporudi walipanda watatu mbele kwenye pikapu ya Babu Spana, Mwalimu katikati. Njia nzima Babu Spana hakutukana hata shimo moja, na barabara hiyo ina mashimo. Akawashusha mlangoni, akasema yeye ana kazi gereji, siku ambayo gereji imefungwa.

Ndani walikaa jikoni, kila mtu na kiti chake. Mama Soksi akavuta pumzi.

"Mara ya kwanza nilikosea," akasema. "Ulikuwa umelala, sikutaka nikuamshe, nikapima mkono wangu. Wallahi sikujua. Nilikuwa nalia, sioni vizuri, nikaona rangi ya mtu, nikasema basi."

"Na mara ya pili?"

Hapo angeweza kudanganya, na binti yake angemwamini, kwa sababu alikuwa anatamani kumwamini.

"Mara ya pili nilijua. Ulipozaliwa dada zangu walikuja kukuona, wakafungua shuka, wakasema, maskini, angechukua walau rangi ya mama yake. Niliwafukuza. Siku tatu sikusema nao. Lakini neno likaingia. Likakaa. Ulivyoumia nikawaza, mtoto wa kike, mguu hana, na watu walivyo. Nikasema hili moja nimpunguzie. Mguu mmoja tu." Akatazama mikono yake. "Sikuwa nakuonea haya wewe. Nilikuwa naiogopa dunia kwa ajili yako. Na kumbe dunia yenyewe ndiyo mimi."

Mwalimu hakusema yameisha, na wala hayakuwa yameisha. Alilia, mama yake akalia, na wakati fulani mmoja akasogeza kiti. Binti alilala pale pale, kwenye kitanda chake cha zamani, mguu umeegemezwa ukutani kama zamani.

Asubuhi Mama Soksi aliamka kabla ya watu. Nyumbani ana boksi moja la akiba na sufuria moja kongwe, ile ile ya siku ya kwanza. Akawasha jiko. Akatia majani ya chai, akatia kahawa, akachota rangi ya unga nyeusi kwa ncha ya kijiko, halafu nyekundu kidogo sana, halafu chumvi, halafu siki. Hakuonja wala hakukata kipande cha kujaribia. Alitumbukiza soksi nzima, akakaa nayo, akaitoa, akaianika dirishani penye upepo.

Ilipokauka alimwita, lakini si kwa sauti ya karakana. "Mwanangu. Lete mguu dirishani."

Mwalimu akaja akirukaruka, anashika kuta, nywele zimesimama. Akakaa kwenye ukingo wa dirisha, akanyoosha mguu wake wa kushoto kwenye jua la asubuhi. Mama yake akapiga magoti, akailaza soksi juu ya goko, pembeni kidogo ya lile kovu. Wote wawili wakainama kutazama. Ilikuwa huoni soksi inaanzia wapi.

Mwalimu akaigusa, akajigusa mwenyewe, akaigusa tena.

"Umepatia mara ya kwanza," akasema. "Wewe hujawahi kupatia mara ya kwanza."

Mama Soksi akalainisha mkunjo wa soksi kwa kidole.

"Kwa hiyo ulikuwa unaijua."

"Ndiyo," mama yake akasema, bado amepiga magoti, mkono umemkaa juu ya mguu wa mtoto. "Siku zote."

Mwalimu akainama akaokota ile ya zamani, ya maji ya kunde, ambayo jana usiku alikuwa ameivua kwenye mguu wa bandia akaitupa hapo sakafuni, akaikunja, akaiweka mapajani mwa mama yake. Akageuka, akakaa chini mbele yake, akampa kichwa.

"Nisuke," akasema. "Na usivute sana."